Transmita ya FM inapokwaruza njiani: tatizo si nguvu, ni masafa

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Habari fundi. Gari langu ni la zamani kidogo, redio yake haina Bluetooth wala tundu la AUX. Nilinunua transmita ndogo ya FM, ile ya kuchomeka kwenye tundu la kibiriti cha gari, nikaiunganisha na simu kwa waya. Gari likiwa limesimama nyumbani muziki unatoka safi kabisa. Nikiingia barabarani unaanza kukwaruza, mara taarifa ya habari inaingia katikati ya wimbo, mara wimbo unarudi. Halafu kuna mlio mwembamba unaopanda kila ninapokanyaga mafuta. Rafiki yangu ananishauri nitafute transmita yenye nguvu zaidi mtandaoni. Nimsikilize? Na je, kifaa hikihiki naweza kukitumia kwenye redio ya mama nyumbani?"

Salama, ndugu yangu. Hiyo transmita yenye nguvu zaidi usiinunue. Katika maelezo yako kuna shida mbili zisizohusiana, na hakuna hata moja inayotokana na udogo wa nguvu. Kukwaruza na kuingiliwa na taarifa ya habari ni shida ya masafa uliyochagua, yaani ile namba ya stesheni unayoweka kwenye redio na transmita. Mlio unaopanda pamoja na injini ni shida ya umeme wa gari. Ukizichanganya utabadilisha vifaa hadi uchoke, na kila kipya kitakuletea malalamiko yaleyale.

Kwanza elewa ulichonacho mkononi. Hicho kifaa ni kituo kamili cha redio, ila kidogo sana. Kinachukua sauti ya simu, kinaipandisha kwenye mawimbi ya FM na kuyarusha, na redio ya gari inayapokea bila kujua kama yametoka kwenye mnara au kwenye dashibodi. Mfumo ni uleule ambao Edwin Armstrong alipewa hataza zake kule Marekani mwaka 1933: sauti haibadilishi ukubwa wa wimbi, bali inayumbisha masafa yake juu na chini kidogo kidogo. Ndiyo sababu radi na cheche za umeme haziisumbui FM kama zinavyoisumbua AM, mfumo wa zamani unaobadilisha ukubwa huo. Lakini FM ina tabia nyingine, na hiyo ndiyo inayokutesa. Mawimbi mawili yakikutana kwenye masafa yaleyale, redio haiyachanganyi. Inalishika lenye nguvu na kulinyamazisha jingine. Yakikaribiana nguvu, redio inahama huku na huku. Wimbo, habari, wimbo tena. Ulichokieleza ni hicho hasa.

Nyumbani hakuna shida kwa sababu pale masafa yako ni matupu, au kituo kinachoyatumia kiko mbali na kimezibwa na kilima au majengo. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Gari likipanda mwinuko, kituo kilichoko makumi ya kilomita mbele kinaanza kukufikia ingawa huko bondeni hakikusikika hata kidogo. Transmita yako haijapungua nguvu. Ni kwamba sasa ina mpinzani.

Na mpinzani huyo kwa nguvu humwezi. Sheria ya Marekani inataka nguvu ya wimbi la vifaa hivi hewani isizidi mikrovolti 250 kwa mita, kipimo kikichukuliwa mita 3 kutoka kwenye kifaa. Ulaya kikomo ni nanowati 50, yaani wati 1 iliyogawanywa mara milioni 20. Kituo cha kawaida kinarusha kwa mamia au maelfu ya wati, na ndani ya mji wake huacha hewani zaidi ya mikrovolti 1,000 kwa mita, tena huko nje ya bodi ya gari ambako antena yako imesimama. Wewe una silaha mbili tu: masafa yasiyo na mtu, na ukaribu. Ukipunguza umbali kati ya transmita na antena kwa nusu, mikrovolti zinazoifikia antena zinakuwa takriban mara mbili. Hilo ni ongezeko ambalo usingelipata kirahisi kwa kununua kifaa kingine.

Basi tuanze na masafa, maana hapa ndipo watu wengi wanapobahatisha. Chomoa transmita kabisa. Usitumie kitufe cha redio cha kutafuta stesheni chenyewe, kwa sababu redio ikitafuta yenyewe inaruka vituo dhaifu, na vituo dhaifu vya hapa ndivyo vitakavyokuwa na nguvu kilomita chache mbele. Anzia 87.5 upande kwa mkono, hatua ya 0.1 kwa 0.1, sauti ukiwa umeifungua kuliko kawaida. Unachotafuta ni mvumo mtupu, ile "shiiii" iliyolala sawasawa. Ukisikia ndani yake mdundo wa mbali, au mtu anaongea kama yuko chumba cha pili, pita. Na ukikuta kimya, kimya kuliko masafa ya jirani, usifurahi. Mara nyingi kimya hicho ni wimbi la kituo ambalo kwa sekunde hizo halijabeba sauti: mtangazaji ametua, au wimbo umeisha na mwingine haujaanza. Subiri kidogo utamsikia. Redio nyingine za gari huuzima mvumo zenyewe pale zisipopata kituo, kwa hiyo kila masafa yape walau nusu dakika kabla ya kuyahukumu.

Ukipata mvumo safi, sikiliza na majirani wake, 0.2 chini na 0.2 juu. Kituo cha FM hakikai kwenye nukta moja. Sauti inayumbisha wimbi hadi kilohezi 75 kila upande, na ukijumlisha na mengine yanayobebwa pamoja nayo, kituo kinajaza kama kilohezi 200, ambazo kwenye namba za redio ni hiyo 0.2. Ukijibanza 98.3 wakati 98.1 kuna kituo kizito, hutawasikia watangazaji wake, lakini kila wanapopiga kitu chenye matoazi makali utasikia mkwaruzo kwenye wimbo wako na hutajua unatoka wapi. Pembe za bendi, yaani kati ya 87.5 na 88.1 na kule karibu na 107.9, mara nyingi zina nafasi. Mara nyingi, si mara zote, sikiliza kwanza.

Kwa safari ndefu usitegemee masafa mamoja. Tafuta matatu yaliyoachana, moja chini ya bendi, moja katikati, moja juu, uyahifadhi kwenye vitufe vya redio kabla ya kuondoka. Ukiingiwa na kituo, unabonyeza kitufe kimoja kwenye redio na kuisogeza transmita kwenye namba hiyohiyo. Kazi hiyo mwachie abiria, au simama kando. Kioo cha transmita ni kidogo, namba zake ni ndogo zaidi, na kinakaa chini karibu na gia, mahali pabaya kabisa pa kupeleka macho gari likiwa kwenye mwendo.

Kuna mpangilio mmoja wa redio ambao watu wengi hawaufikirii. Kama redio yako inaonyesha jina la stesheni kwa maandishi, tazama kwenye menyu kama ina vipengele vinavyoandikwa AF na TA. AF huiruhusu redio kuhamia masafa mengine ya kituo kilekile inapoona ishara imedhoofika. TA huiruhusu kukatiza unachosikiliza ili itoe matangazo ya barabarani. Ukiwa unatumia transmita, zima vyote viwili. Vikiwa wazi, redio inaweza kukuhama katikati ya wimbo ukadhani kifaa kimekufa.

Tena angalia gari lilitengenezwa kwa soko gani. Redio za magari ya soko la Japani zilitengenezwa kushika 76 hadi 90, na za karibuni hadi 95, wakati sehemu kubwa ya dunia hutumia 87.5 hadi 108. Kama yako inaishia 90, transmita na redio vinakutana tu kati ya 87.5 na 90, na hapo ndipo utafute. Kama mtu alishafunga kile kifaa kidogo kwenye waya wa antena ili redio ishike vituo vya juu, jua kwamba kinashusha masafa yote kwa kiasi fulani, hivyo namba ya redio haitalingana na namba ya transmita. Weka wimbo ucheze, zungusha redio polepole hadi uusikie, kisha andika tofauti ya namba hizo mbili. Tofauti hiyo haibadiliki, utaitumia siku zote.

Ukishapata masafa, nenda kwenye ukaribu. Jua antena ya gari lako iko wapi: juu ya paa, ubavuni karibu na kioo cha mbele, au ni zile nyaya nyembamba zilizolala ndani ya kioo cha nyuma. Transmita iko ndani ya gari, ambalo ni boksi la chuma, na mawimbi yake yanatokea madirishani. Antena ikiwa mbele, tundu la kibiriti la mbele kwa kawaida linatosha. Ikiwa kwenye kioo cha nyuma, tafuta waya wa kurefusha tundu hilo uisogeze transmita nyuma ya viti. Jaribio lenyewe ni rahisi: weka wimbo wa taratibu wenye kimya kingi, shika transmita mkononi, isogeze sentimita chache chache huku ukisikiliza mvumo ulio nyuma ya wimbo. Utafika mahali mvumo unakatika. Iache hapo, ondoa mkono, usikilize tena, kwa sababu mkono wenyewe hubadilisha mawimbi.

Na ule waya unaotoka kwenye simu usiukunje ukaufunga kwa mpira ili upendeze. Katika vifaa vingi vya aina hii waya wa sauti, au waya wa umeme, ndio antena ya kurushia. Wimbi la 100 megahezi lina urefu wa karibu mita 3, na waya ukinyooshwa hata nusu mita unarusha vizuri kuliko ukiwa umeviringwa.

Sasa kiasi cha sauti. Ukimpa kifaa sauti ndogo, utalazimika kufungua redio sana, na mvumo utapanda pamoja na muziki. Ukimpa kubwa kupita kiasi, anaichana: sauti nzito zinapasuka, waimbaji wanakuwa kama wamebanwa pua, na hakuna kitufe cha redio kitakacholitengeneza hilo kwa sababu limeharibika kabla halijarushwa. Anza na simu kwenye robo tatu ya sauti yake. Weka wimbo wenye kelele nyingi kuliko yote unayosikiliza, panda hadi uanze kusikia kupasuka, kisha rudi nyuma hatua mbili. Baada ya hapo sauti iongezwe na kupunguzwa kwenye redio tu. Zima pia mipangilio ya simu inayoongeza besi, ndiyo inayokula nafasi yote. Utaona vituo vya kawaida bado vinasikika kwa ukubwa kuliko wewe. Hilo ni la kawaida, kwa sababu vituo hubana sauti zao kwa mitambo ili kila kitu kisikike kwa ukubwa uleule. Usishindane navyo. Kumbuka tu kupunguza redio kabla ya kurudi kwenye stesheni, masikio yako yatashukuru.

Usihangaike pia kutafuta faili za muziki zenye ubora wa juu kabisa kwa ajili ya gari hili. FM inabeba sauti hadi kilohezi 15 tu, na pakishakuwa na mngurumo wa matairi, tofauti kati ya faili nzuri na faili nzuri mno inapotea.

Nije kwenye ule mlio. Unaopanda na kushuka pamoja na injini unatoka kwenye alteneta, mtambo unaochaji betri ya gari. Fanya hivi: injini ikiwa inanguruma, muziki unacheza, chomoa waya wa chaji kwenye simu, simu ibaki na betri yake. Mlio ukikatika papo hapo, jibu umelipata. Simu inachajiwa na umeme wa gari, na wakati huohuo imeungwa kwa waya wa sauti kwenye transmita inayotumia umeme wa gari hilohilo, kwa hiyo kuna mzunguko uliofungwa upande wa hasi, na takataka za alteneta zinapita ndani ya njia ya sauti. Dawa ni kuukata mzunguko. Unaweza kusikiliza bila kuchaji. Unaweza kuweka kwenye waya wa sauti kile kifaa kidogo chenye transfoma ndani kinachopitisha sauti bila kuunganisha umeme, hakina bei kubwa na kinafanya kazi. Au utumie transmita inayopokea muziki kwa Bluetooth, ambayo haina waya wa sauti kabisa; kama siku moja utabadilisha kifaa, mimi ningekuambia ubadilishe kwa sababu hii, si kwa sababu ya nguvu.

Mlio usipokatika ulipochomoa chaji, zima vitu vingine kimoja kimoja: kamera ya dashibodi, taa za LED ulizoongeza, chaja nyingine ya USB. Chaja duni hutema kelele hadi kwenye bendi ya FM yenyewe, na hizo hazisikiki kama mlio, zinasikika kama mvumo ulioongezeka kwenye kila masafa. Ukizima kitu mvumo ukashuka, umemkamata mhusika.

Kuhusu rafiki yako na transmita za mtandaoni. Zipo kweli, zimeandikwa nusu wati, wati 5, hata zaidi. Nusu wati ni mara milioni 10 ya kile kikomo cha Ulaya. Kifaa cha namna hiyo kinamwingilia jirani, kinamwingilia dereva aliye mbele yako anayesikiliza kituo halali, na kikiwa kimetengenezwa ovyo kinatema mawimbi nje ya masafa yaliyoandikwa kwenye kioo chake. Juu tu ya 108 ndipo yanapoanza masafa ambayo ndege huyatumia kuongozwa na kutua, na kuanzia 118 marubani huongea na waongozaji wao. Hapo hatuzungumzii tena muziki. Uingereza hata hivi vidogo havikuruhusiwa hadi Desemba 2006, na vilipokubaliwa vilifungiwa kwenye hizo nanowati 50. Kila nchi ina mamlaka yake ya mawasiliano yenye kikomo chake, kwa hiyo angalia kifaa chako kinakubalika ulipo. Suluhisho la halali lipo, na ni bora kuliko nguvu: moduleta ya FM inayofungwa kwa waya kati ya antena na redio. Ukiiwasha inaikata antena ya nje na kuipa redio muziki wako moja kwa moja, hivyo karibu hakuna kituo cha kushindana nacho. Inabidi fundi aitoe redio ili aifunge. Kwa mtu anayeendesha safari ndefu kila wiki, hiyo ndiyo ningemfungia.

Redio ya mama sasa. Inawezekana, na ni rahisi kuliko gari kwa sababu hakuna kinachohama. Transmita yako itahitaji umeme wa volti 12 kutoka kwenye adapta yenye tundu la kibiriti. Kama hutaki kuhangaika na hilo, zipo zinazotumia USB au betri yake yenyewe. Hakikisha swichi ya redio iko FM, si MW wala SW. Vuta antena ya redio hadi mwisho, tafuta masafa kwa njia ileile ya kusikiliza mvumo, uweke transmita ndani ya mita moja au mbili. Redio ikiwa na swichi ya stereo na mono, iweke mono. Stereo ya FM, iliyoanza Marekani mwaka 1961, inabeba tofauti ya kushoto na kulia kwenye sehemu ya ishara inayoshika kelele kwa urahisi sana, na kwa ishara ndogo kama yako mvumo wake ni mkubwa kuliko faida. Redio nyingi za mezani zina spika moja tu, kwa hiyo hatapoteza chochote. Zima taa ya LED iliyo karibu kama mvumo bado upo, na adapta ya simu isilale juu ya redio.

Redio ya mama ikiwa ya kuzungusha kwa kidole, mtafutie masafa yaliyo mbali na stesheni anayoipenda, kisha weka alama ndogo ya kalamu kwenye kioo cha namba. Akitaka muziki wako anapeleka mshale kwenye alama, akitaka stesheni yake anarudi.